Moshi Ulio Chini ya Nyota Tatu

Mtu aliyeweza kuuambia moto simama ukasimama, nyumbani kwake hakuweza kuchemsha sufuria moja ya maharage bila kuyaunguza. Mkewe akienda shamba, sisi majirani ndio tuliomlisha, na tulimcheka mpaka machozi yakatutoka. Yeye hakuona haya. Alisema maharage ni vitu vidogo vyenye haraka, havimpi mtu nafasi ya kufikiri. Yeye amezoea kupika kitu kikubwa kama nyumba.

Kitu hicho kilikuwa tanuru la matofali, na sisi tunaita furu. Alikuwa fundi wa furu pale Kasongo, wakati wa Wabelgiji, miaka ile baada ya vita yao kubwa. Nyumba nyingi za matofali mekundu unazoziona pale mpaka leo zilipita mikononi mwake. Kila mtu alimwita Fundi, na mimi nikaongeza Baba mbele kwa sababu ya umri wake. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hata mwenyewe akiitwa kwa jina hilo alichelewa kugeuka, basi na mimi sina haja nalo.

Niliolewa jirani naye. Nilitoka Wamaza, upande wa Kabambare, nikaletwa Kasongo juu ya lori la pamba, bibi-arusi mwenye vikwembe vipya na hasira za kwetu. Juma lile lile nikafua vikwembe vyangu vyote, nikavianika, na yeye akawasha furu. Moshi ukaja wote upande wangu. Nguo za harusi zikanuka kama samaki wa kukaushwa. Mimi si mtu wa kunung'unika jikoni. Nilijifunga kiunoni nikaenda kumwambia.

Mbele ya furu yake kulikuwa na mstari wa migomba. Nilipotaka kuupita, alitoka mbio na mikono imetanda, kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie katika mihogo. Hakupiga kelele. Aliniambia polepole nirudi nyuma, na kwamba nguo zangu atazifua yeye. Nilifikiri ni maneno tu. Kesho yake, mzee mzima, mwenye heshima yake misheni, alikuwa mtoni anapigapiga vikwembe vyangu juu ya jiwe, na wanawake wote wa mtaa wamesimama wanamtazama wakishikana kwa kicheko. Toka siku ile akaniita Bibi-arusi, na hakuacha, hata nilipokuwa na watoto wa kutosha na tumbo la kuonyesha.

Baadaye mkewe alinieleza habari ya ile migomba. Furu ikiwaka, mwanamke hapiti. Chakula kinawekwa pale chini ya mgomba, bila chumvi na bila mafuta, mwenyewe anakuja kukichukua. Usiku halali nyumbani kwake, analala kibandani karibu na moto, na mkewe hamwoni mpaka furu ipoe. Ndivyo walivyofanya wafua chuma wa zamani, na yeye aliwaona. Kwao furu ilikuwa mwanamke mwenye mimba, na mwanamke mwenye mimba haletewi mke mwenziwe.

Hapo ndipo ungemwona Fundi alivyokuwa watu wawili katika koti moja. Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani, akapiga magoti kuliko wote, na mahubiri yakianza alilala usingizi wa haki. Jumatatu alipaka furu yake udongo, na pale mbele, juu ya vinywa vya kutilia kuni, akabandika matiti mawili ya udongo. Padri mzee aliyemwajiri, Mzungu mpole mwenye ndevu, alimuuliza ni vitu gani. Fundi akamjibu bila kupepesa macho kwamba ni vya kutundikia taa. Padri akatazama, akasema taa mbili zinatosha, akaenda zake. Sikuwahi kuona taa pale hata siku moja.

Neno lake kubwa lilikuwa, usihesabu kilicho tumboni. Kapita wa misheni, ambaye kazi yake ilikuwa kuharakisha watu, alikuja kila asubuhi kuuliza matofali mazuri yatakuwa mangapi. Fundi alimtazama kama mtu aliyeuliza mimba ni ya mtoto gani. Hata kwetu, mtu akisema mwaka huu mpunga utakuwa mwingi, alimkataza kwa kidole. Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza na mama mkwe akaanza kutafuta majina, Fundi aliongea naye kutoka upande wa pili wa ua mpaka mama wa watu akanyamaza. Mtoto alizaliwa mzima, na Fundi akaja kumtazama, akamgonga kidogo kichwani kwa kidole, akasikiliza. Ndivyo alivyopima tofali. Nilimfukuza na mwiko.

Na yeye mwenyewe alilala katika nyumba ya fito na udongo, yenye paa la nyasi. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini asijijengee ya matofali, maana hata yaliyovunjika yangemtosha. Alisema nyumba ya matofali haisikii mvua. Mkewe alisema ni uvivu. Nafikiri wote wawili walisema kweli.

Sasa niseme habari ya moshi wa juu, maana ndio uliomfanya mtu huyu asitoke rohoni mwangu.

Ziko nyota tatu zinazofuatana, kila mtu anazijua, zimejipanga kama watu wanaokwenda shamba kwa njia moja. Mwezi wa pili, watu wakimaliza kula, ziko juu ya kichwa. Lakini kiangazi, wakati wa kuchoma matofali, zinatoka alfajiri tu, kabla ya adhana, na zinatokea upande wa Kabambare. Kwa hiyo Fundi alisema ni nyota za kwetu, na kila mwaka zikionekana alinipigia kelele juu ya ua kwamba ndugu zangu wamefika, niwapikie. Chini ya hizo tatu, upande wa kusini, kwenye njia ya Kongolo, kuna nyingine ndogo zimening'inia. Ya katikati haikai kama wenzake. Wenzake wamekauka, wana ncha. Ile ina ukungu, kama mtu amepuliza pumzi juu yake.

Fundi alisema ni moshi. Aliuona toka alipoanza kukesha na moto, na alisema hapafuki moshi pasipo moto, na pasipo mtu wa kutia kuni hapana moto. Kule juu kuna furu. Nyota zinachomwa mle ndani, na ule moshi ni wa kuni mbichi. Watu walimcheka. Mume wangu alimuuliza kama na huko juu wanawake wanakatazwa kupita. Fundi akajibu kwamba hajafika, akifika atauliza.

Siku moja alimwambia Padri. Padri naye hakuweza kuuona ule moshi, miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa, lakini alikuwa msomaji. Akamwambia kwamba wako wataalamu wa Ulaya wanaosema jambo lile lile: yako mawingu ya moshi mwembamba, makubwa kuliko akili ya mtu, na ndani yake nyota zinazaliwa hata leo. Fundi alikuja nyumbani anatembea kama mtu aliyepata mjukuu. Alisimama uani kwangu akaniambia, hata leo, Bibi-arusi, wanasema hata leo. Nilikuwa nasonga bugali, nikamwambia vizuri, Baba. Lakini alfajiri ile nilitoka nikatazama sawasawa, na moshi niliuona. Tukawa wawili.

Nilianza kujua kwamba kuna shida mwaka ule alipofurahi kupita kiasi. Ilikuwa kiangazi, nimetoka na mtungi, naye amesimama kwenye mstari wa migomba ametazama juu. Akaniambia mwaka huu huko kazi ni nyingi. Ile furu moja imezaa nyingine. Kila nyota sasa ina moshi wake.

Nilitazama juu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Moshi ulikuwa ule ule mmoja, mahali pake pale pale. Nikamtazama yeye, na kwa mwanga wa moto nikaona katika mboni zake kitu cheupe, kama maji ya muhogo. Nikasema ndiyo, Baba, kazi ni nyingi, nikaenda mtoni, na njia nzima nilikuwa nafuta uso kwa ncha ya kikwembe.

Ni lazima uelewe maana yake. Furu ina tundu juu ubavuni, limezibwa kwa tofali moja. Fundi anaondoa hilo tofali, anachungulia, na rangi ya ndani ndiyo inayomwambia aendelee kutia kuni au azibe vinywa vyote. Akiziba mapema, matofali yanabaki mabichi, mvua ya kwanza inayala. Akichelewa, yanayeyuka na kushikana kama halua. Hakuna saa wala kipimo, ni macho tu. Fundi asiyeona rangi ni mtu aliyekwisha, na huyu hakujua kazi nyingine duniani, hata maharage.

Na mwaka ule ndio mwaka wa furu ya kanisa jipya, kubwa kuliko zote alizowahi kujenga. Askofu alikuwa anangojewa kuja kuweka jiwe la msingi, na kapita alikuwa hapumui. Kila mtu Kasongo alibeba kitu: kuni, maji, udongo. Moto ukawashwa, mkewe akaanza kupeleka chakula kisicho na chumvi chini ya mgomba, na mimi nikawa silali vizuri.

Ilikuwa alfajiri tena. Wachocheaji walikuwa wamekwenda kuleta kuni. Napita na mtungi, nasikia jina langu lile la uongo.

"Bibi-arusi. Vuka."

Nilifikiri sikusikia. Nilisimama na mtungi kichwani kama mti. Akarudia, na sauti yake haikuwa ya kuamrisha, ilikuwa ya mtu anayeomba maji.

"Vuka, mutoto wangu. Macho yangu yamejaa moshi."

Nikatua mtungi chini ya mgomba, nikavuka. Nilipita mbele ya yale matiti ya udongo nikainamisha kichwa kama mtu anayepita mbele ya mama mkwe. Fundi akanipandisha juu ya gogo, akalitoa lile tofali kwa koleo, na joto likanipiga usoni mpaka nyusi zikanuka.

"Unaona nini?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ni nyingi. Nyekundu kama nini?"

Nilitafuta. Mimi ni mwanamke wa jikoni, nilitafuta jikoni. Nikamwambia kama mawese.

Uso wake ukafunguka. Mawese ndiyo rangi aliyoingoja. Alikwisha kuinua mkono na kufungua kinywa kuwaita watu waje kuziba. Halafu mkono ukabaki hewani.

"Mawese ya wapi?"

Nikamjibu kwa hasira kwamba mawese ni mawese. Akatikisa kichwa. Akasema ya Kasongo yanakamuliwa ngazi za mchikichi zikiwa mpya, yanang'aa, mtu anaweza kuyadhania jua la jioni. Yale ninayoletewa na mama yangu kutoka Wamaza, ambayo na yeye ameyala kwangu mara nyingi, ngazi zake zinavundikwa kwanza, na mafuta yanatoka meusi kama damu iliyolala. Sasa nitazame tena, niseme ni ya wapi.

Nikatazama. Yalikuwa ya mama yangu.

"Ya kwetu," nikasema.

Akashusha mkono. Alikaa chini juu ya gogo lile lile, na nikaona jasho linamtoka kuliko la moto. Kidogo tu, na kanisa zima lingekuwa la udongo.

Kapita akatokea wakati ule ule, amesimama nje ya migomba, anapiga kelele kwamba furu imeiva, hata kipofu anaona, zibeni. Neno hilo lilinichoma. Kabla Fundi hajajibu nikajibu mimi, juu ya gogo, mwanamke mahali ambapo mwanamke hakanyagi.

"Haijaiva."

Fundi akamwambia kapita, bila kuinua sauti, kwamba amesikia, aende akanywe maji. Kapita akaenda, na kabla ya jua kupanda habari ilikuwa sokoni: furu ya kanisa imekataa kuiva, Fundi ameita mwanamke wa Kabambare aje kuitia dawa. Watu walinitazama kwa heshima mwezi mzima. Mama mkwe mwenyewe alianza kunipa kiti.

Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Nyumbani moto ulizimika, watoto walikula kwa jirani, mume wangu alikuja mpaka kwenye migomba akarudi bila neno. Kila mara Fundi alipotoa tofali nilimwambia ninachoona: bado ya kwetu, bado, inaanza kung'aa, sasa ni nusu ya kwetu nusu ya huku. Mwishowe nikatazama nikaona rangi ile ya chupa za mawese zinazopangwa sokoni Kasongo asubuhi, jua likizipita. Nikamwambia ni ya soko lenu. Akasimama akawaita watu wazibe.

Furu ilipopoa na kufunguliwa, alichukua tofali la ndani kabisa, akaligonga kwa kidole. Lililia kama kengele. Akagonga jingine, likalia. Akaendelea kugonga, anacheka peke yake, mpaka Padri akaja akamshika bega. Na hapo hapo, mbele ya watu, siku ya furaha yake kubwa, akamwambia Padri kwamba haoni tena, watafute mtu mwingine.

Nilimkasirikia sana. Jioni nilivuka ua nikamwambia amejichongea mwenyewe. Nani alijua? Mimi ningekuja kila mwaka kumtazamia, na kapita angeendelea kusema ni dawa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Furu ilikubali uvuke mara moja," akasema, "kwa sababu nilikuwa na shida. Mara ya pili ni kuidanganya."

Nikavuka ua nikarudi kwangu.

Baadaye mume wangu alipata kazi kwenye machimbo upande wa Salamabila, tukahama. Kule nyota ni zile zile, na kila kiangazi nilipoziona zinatoka nilimkumbuka mtu wa kunipigia kelele juu ya ua. Hakuna aliyenipigia. Niliposikia watu wanaanza kusema uhuru, uhuru, nikapata nafasi ya kwenda Kasongo kumwona shemeji mgonjwa. Ulikuwa mwezi wa pili, mvua zimepumzika kidogo. Kabla ya kwenda kwa shemeji nilipita kwa Fundi.

Nyumba ilikuwa ile ile ya nyasi. Mkewe, amezeeka, alinikumbatia, akatia maharage motoni kwa ajili yangu, kisha akatoka kwenda kuomba mafuta kwa jirani. Fundi mwenyewe alikuwa amekaa uani juu ya kiti cha fito, macho meupe kabisa, mikono juu ya magoti. Nikamsalimu, jambo, Baba. Akasema, Bibi-arusi, umechelewa, ndugu zako walifika zamani.

Tuliongea mengi. Aliuliza kama kanisa bado linasimama, ingawa kila Jumapili alikuwa ndani yake. Aliuliza kama mama yangu bado anavundika ngazi. Giza likaingia huku tunaongea. Halafu akasogeza kiti karibu na changu, na nikajua kuna neno.

Akanieleza kwamba alipelekwa kwa muganga wa hospitali, kijana msomi. Yule kijana alimwambia ugonjwa wake ni wa polepole sana, na mtu anayeugua hivyo anaona ukungu kwenye kila mwanga. Fundi akamsimulia habari ya moshi wa chini ya nyota tatu, alivyouona toka ujana. Kijana akacheka kwa upole, akasema basi hata wakati ule macho yalikuwa yamekwisha kuanza.

Padri mzee alikuwa amekufa. Wengine aliowauliza walimwambia ndiyo, Fundi, moshi upo.

"Watu wanamuitikia muzee," akasema. "Wewe ulisema haijaiva wakati kila mutu alitaka imeiva. Angalia sasa. Uniambie vile iko. Ulikuwa moshi kweli, ao yalikuwa macho yangu tu, maisha yote?"

Nikasimama katikati ya ua. Naapa niliogopa kuliko siku ya furu. Nilikuwa nimeuona, ndiyo, lakini miaka ilikuwa imepita, na mimi pia nilikuwa nimezoea kumpenda. Nikainua kichwa. Zile tatu zilikuwa juu, zinakwenda shamba. Nikashuka upande wa Kongolo, kwa zile ndogo zilizoning'inia. Nikazitazama moja moja, kisha nikatazama nyota nyingine zote nilizoweza, huku na huku, kwa haki, kama mtu anayechagua mchele.

"Zote kavu, Baba," nikamwambia. "Zina ncha. Iko moja tu yenye moshi, ile ya katikati."

"Moshi kama nini?"

"Kama maji ya kuoshea muchele."

"Muchele wa wapi?"

"Wa huku. Wa Kasongo. Mweupe."

Alivuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka. Machozi yalimtoka katika yale macho yasiyo na kazi, na hakuyafuta.

"Basi nilikuwa naona," akasema.

Nikakaa tena karibu naye, nikamshika mkono, ule mkono mgumu wa kugonga matofali. Baadaye akainua pua akanusa upepo, akaniambia nikimbie jikoni, maharage yanaungua.